Madoa sugu kwenye swimingi: kumwaga maji na kuosha na asidi, vitamini C, au klorini na brashi?

Kila wiki lazima mtu anitumie picha WhatsApp, bwawa lina madoa ya kahawia kama mtu kamwagia chai ukutani, na swali ni lile lile, "fundi, unamwaga maji lini uje na asidi?" Yaani watu wa Kampala wakishaona doa akili inaruka moja kwa moja kwa asidi. Mimi natunza mabwawa, nazunguka na boda kati ya Muyenga, Bunga, Munyonyo mpaka Entebbe, brashi nimeifunga nyuma kama bendera, na Kiswahili changu ni cha Bombo, mji wa kambi ya jeshi, kwa hiyo msinicheke. Nimeshazifanya hizi njia zote, nyingine vizuri na nyingine vibaya.

Msimamo wangu nausema mapema ili usisome mpaka chini ukinitafuta: asidi ni ya mwisho. Na hujachagua chochote bado kama hujui doa ni la nini, maana dawa ya doa la chuma haigusi doa la majani, na dawa ya doa la majani inalifanya lile la chuma liwe baya zaidi. Nusu ya hela inayopotea kwenye hii kazi inapotelea hapo tu.

Sasa doa unalijuaje? Chukua vidonge vya vitamini C, vile vyeupe vya kawaida, sio vile vya rangi ya machungwa vya watoto kutafuna, ponda kama kumi hivi na chupa, tia ndani ya soksi kuukuu nyeupe, funga, halafu ikandamize kwenye doa chini ya maji. Hesabu mpaka dakika moja, mbili. Ukiinua soksi ukute pamebaki alama safi nyeupe saizi ya soksi yenyewe, hilo ni doa la chuma, umemaliza uchunguzi. Kama doa liko chini sana funga soksi kwenye ule mti wa brashi. Ikiwa hakuna kilichobadilika, nenda sehemu nyingine, mbali na pale, dondosha klorini ya chengachenga kidogo juu ya doa la sakafuni uiache dakika kadhaa, likififia basi ni la majani au matunda au mwani. Hii ya klorini fanya kwa plasta nyeupe au taili, usifanye kwa bwawa la rangi au la faiba, itaacha alama yake yenyewe. Na soksi ya vitamini na klorini kavu zisikutane kabisa, usiweke hata kwenye ndoo moja, hivyo vitu viwili vikigusana vikavu havipatani.

Kwetu huku madoa mengi ni ya aina mbili na sababu ziko wazi. La kwanza ni chuma, kwa sababu wengi wanajaza na kisima cha kuchimba na maji ya ardhini hapa Uganda sehemu nyingi yana chuma, unayachota yako safi kama kioo, ukitia klorini tu dakika kumi yanageuka chai ya rangi. La pili ni miti. Mtu anapanda fenesi, ovakado na zambarau, ile wanayoita jambula, kisha anachimba bwawa chini yake, halafu msimu wa jambula ukifika anashangaa kwa nini sakafu ina vidoti vya zambarau. Ongeza vumbi la marami, ule udongo mwekundu wa barabarani. Kuna na doa la kijani-bluu au kijivu la shaba, linatokana na zile dawa za bei rahisi za kuua mwani zenye shaba ndani, hilo kwangu ni nadra.

Tuanze na hiyo asidi inayopendwa.

Ni hivi, unamwaga maji yote, unavaa gambuti na glavu ndefu na miwani na maski ya gesi yenye filta zake (sio ile ya kitambaa ya wakati wa korona, jamani), unalowesha ukuta, unamimina asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji kwa keni ya plastiki ya kumwagilia maua kutoka juu kwenda chini, unasugua, sekunde 30, isizidi dakika, unasuuza kwa mpira na unahamia kipande kinachofuata. Wengine wanachanganya nusu kwa nusu. Mimi naanza dhaifu, asidi moja kwa maji manne, kwenye kona moja isiyoonekana, naangalia inavyotoka povu. Na siku zote unatia asidi ndani ya maji, sio maji ndani ya asidi, itakurukia usoni.

Inafanya kazi? Inafanya, tena sana, hakuna inayong'arisha kama hii. Chuma, magamba ya chokaa, mwani mweusi uliotia mizizi, vyote vinaondoka siku moja na plasta inarudi nyeupe ya kuumiza macho. Lakini fahamu kinachotokea, asidi haisafishi doa, inakula plasta yenye doa. Plasta ya bwawa ni kama sentimita moja tu, kila ukiosha unaondoa ngozi kidogo, na ngozi inayobaki inakuwa na vinyweleo, inashika uchafu haraka kuliko mwanzo. Mtu anayeosha na asidi kila mwaka anajitafutia kupiga plasta upya. Na kama bwawa lako ni la taili ndogondogo za mozaiki, kama mengi ya hapa mjini, asidi haiwezi kudhuru sana taili yenyewe, inakula ile simenti katikati ya taili, halafu baada ya miezi unaanza kuokota taili sakafuni moja moja kama meno ya mzee. La rangi au faiba, asidi usahau.

Halafu maji. Chukua bwawa la kawaida la nyumbani, mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu, hayo ni lita 75,000. Bauza (lori la maji) ya lita 10,000 inakuja mara saba na bado hujajaza. Kwa bomba la nyumbani ambalo linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja, ukiacha wazi usiku na mchana bila presha kushuka na bila mgao, ni zaidi ya siku mbili na nusu. Nani ana presha ya hivyo siku mbili na nusu Kampala hii? Na wengi wakishindwa wanajaza tena na kisima kile kile chenye chuma, yaani umelipa kung'arisha halafu umerudisha doa kwa mkono wako.

Lingine ndio linaniogopesha kabisa. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa jeshini zamani, mpaka leo namuita afande, siku ya kwanza aliniambia, "Kijana, bwawa tupu ni mtumbwi." Nikacheka. Hakucheka. Maji ya ardhini yanasukuma kutoka chini, na uzito wa maji yaliyo ndani ya bwawa ndio unaolikalia, ukiyatoa wakati wa mvua ardhi imeshiba, bwawa zima linaweza kuinuka au sakafu ikapasuka. Huku juu Muyenga kilimani hofu ni ndogo, lakini kule karibu na ziwa, Entebbe, Munyonyo, Ggaba, hofu ni ya kweli, mnakumbuka mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda mpaka likapita rekodi ya 1964, watu wa bichi walihama. Niliona bwawa moja kule upande wa ziwa, watu walikuja wakalimwaga mwezi wa nne katikati ya mvua, wakaenda kulala, asubuhi kona ya kina kirefu imepanda kama upana wa vidole vitatu na bomba la skima, ile ya kunyonya uchafu wa juu ya maji, limekatika. Mabwawa mengine yana valvu sakafuni ya kupunguza hiyo presha, lakini ukimuuliza mwenye nyumba kama lake ina hiyo valvu anakutazama tu. Ukilazimika kumwaga, mwaga kiangazi, mwezi wa saba au wa kwanza.

Na mvuke wa asidi ni mzito kuliko hewa, unajikusanya kule chini kwenye kina kirefu ambako wewe ndio umeinama unasugua. Usifanye peke yako. Usiache jerikeni la asidi karibu na ndoo ya klorini, zikikutana inatoka gesi ya sumu, na hapa nimeona vitu hivyo vimepangwa stoo moja rafu moja kama sukari na chumvi. Ukimaliza, lile dimbwi la asidi limebaki chini huwezi kulipampu hivi hivi kwenye mtaro au kwenye migomba ya jirani, liue kwanza kwa soda ashi, kama nusu kilo kwa kila lita ya asidi uliyotumia, mwagia polepole maana linachemka povu, pima pH (ukali wa asidi majini), ndio utoe.

Sasa vitamini C. Ndiyo, vitamini ile ile, lakini unanunua ya unga kwa kilo kwenye maduka ya kemikali, sio chupa mia za famasia. Uzuri wake mkubwa hakuna kumwaga maji. Chuma kilichoganda ukutani ni kutu, haiyeyuki, vitamini C inaigeuza iwe ile hali ya chuma inayoyeyuka, inaachia ukuta. Kwa bwawa letu lile la lita 75,000 unahitaji karibu kilo moja. Unazima klorini siku kadhaa kabla, jua la saa sita la hapa linaimaliza haraka, mpaka kipimo kisome sifuri au karibu, kwa sababu klorini na vitamini zinauana na utakuwa umetupa hela majini. Unaweka dawa ya mwani isiyo na shaba, maana bwawa bila klorini kwenye joto hili ni kijani kesho kutwa. Kisha unazunguka kingo zote unanyunyizia ule unga karibu na kuta, pampu inazunguka.

Na hapo, ndugu zangu, ndio napenda kusimama kuangalia. Mara ya kwanza nilifikiri macho yangu, doa la kahawia la miaka linaanza kupauka pembeni, linakuwa njano, linakuwa kama mvuke, baada ya saa moja ngazi zote nyeupe. Maeneo sugu yanachukua mpaka siku mbili.

Lakini msikilize kosa langu. Bwawa la kwanza nililofanya hivyo nilifurahi nikapokea hela nikamwaga klorini kibao jioni ile ile ili maji yawe salama kwa wikendi. Siku ya tisa napigiwa simu. Doa limerudi lote, na safari hii limesambaa vizuri zaidi, kama mtu kapaka kwa roli. Sikuwa nimeelewa kwamba chuma hakikwenda popote, kilihama tu kutoka ukutani kikaingia majini, na klorini yangu ikakirudisha ukutani. Nilirudia kazi yote bure. Dawa ya tatu ndiyo niliyoiruka, ile ya kushika chuma, wauzaji wanaiita sikwestranti, inakikamata chuma kikae majini kisigande. Unaiweka mara tu doa likishatoka, halafu klorini unarudisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pH unaiacha chini kama 7.2 kwanza, na hiyo dawa unaiongeza mara kwa mara kwa sababu nayo inachoka. Kwa hiyo mtu akikuambia vitamini C ni bei rahisi kuliko asidi, muulize kama amehesabu na sikwestranti ya mwaka mzima. Mara nyingi bado ni rahisi ukiweka bei ya bauza nane upande wa pili, lakini sio bure. Ukiweza, punguza sehemu ya maji baadaye ujaze ya bomba. Ya kisima yapitishe kwanza kwenye tanki, yaanguke kwa bomba la juu yapate hewa, yalale siku nzima, utaona tope jekundu limekaa chini, chota ya juu.

Ya tatu, klorini na brashi, watu wanaidharau kwa sababu haina ujanja. Kwa doa la majani, jambula, mwani, hiyo ndiyo dawa na huna haja ya nyingine. Jioni jua likizama, pH iko 7.2 mpaka 7.4, unapandisha klorini mpaka 10 kwenye kipimo, kwa lita 75,000 ni kama kilo moja na kidogo ya ile chengachenga ya asilimia 65, iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, kisha unasugua. Brashi ya nailoni kwa taili na rangi, ya waya usioshika kutu kwa plasta tu. Unasugua leo, kesho, kesho kutwa, na klorini usiiache ishuke. Ni bei ndogo kuliko zote na hatari ni ndogo, ila mabega yatakuuma na bwawa litafungwa siku tatu nne mpaka kipimo kishuke. Wale waliotumia vidonge vya klorini miaka mingi watahitaji kipimo kikubwa zaidi, vile vidonge vinaacha kitu kinachoipunguza klorini nguvu.

Mashine ya presha, ile ya woshingi bei wanayooshea magari? Inatoa utelezi na vumbi, doa lililoingia ndani haligusi, na ukikaribisha sana mdomo wake unachimba simenti ya kati ya taili. Jiwe la pumisi ni zuri kwa ule mstari mweupe wa chokaa pale maji yanapokomea, na vidoa viwili vitatu, ukisugua bwawa zima na jiwe utazeeka humo. Kupaka rangi juu ya doa, hapana, tuendelee.

Ukiziweka zile tatu kubwa pamoja, mimi naangalia mambo manne tu kwa huyu mteja, doa ni nini, ukuta ni wa nini, maji yanatoka wapi, na bwawa liko wapi. Chuma kwenye plasta au taili na maji ni ya kununua, vitamini C bila kufikiri mara mbili. Chuma, lakini mwenye nyumba hatanunua sikwestranti kila baada ya wiki na kisima ndio maji pekee, hapo namwambia ukweli, rekebisha kisima kwanza kaa na doa lako. Majani, klorini. Magamba ya chokaa mazito kila mahali, plasta bado nene, bwawa liko kilimani, kiangazi, na ulishapanga kubadilisha maji, basi asidi nakuja nayo mwenyewe na msaidizi wa kushika mpira. Asidi kwa taili karibu na ziwa mwezi wa nne siji hata ukilipa dabo.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mombasa anayeishi Bunga aliniita. "Kaka, nimeambiwa nimwage yote." Nikamuomba soksi. Upande wa ngazi soksi ikaacha alama nyeupe, chini ya mjambula haikufanya kitu, kumbe bwawa moja lina madoa mawili. Tukaanza klorini kwa ajili ya jambula, na usiku wa kwanza ule upande wa ngazi ukazidi kuwa mweusi, asubuhi akanipigia, "Kaka umenizidishia!" Nikamwambia mama subiri, nilitegemea hivyo, klorini inakigandisha chuma ukutani. Siku ya nne vidoti vya zambarau vimeisha. Tukaiacha klorini ishuke wiki nzima, ndipo vitamini, ndipo sikwestranti, na maji yake hatukumwaga zaidi ya yale ya bakwashi, yaani ya kuosha filta.

Limebaki doa moja, ngazi ya pili, saizi ya shilingi mia, jekundu katikati na limechuruzika mstari kwenda chini. Vitamini inalififisha, baada ya siku tatu linarudi pale pale. Hilo sio la maji, ni nondo iliyokaribia juu inaoza ndani ya zege, inasukuma kutu nje, na hakuna kemikali ya kuigusa. Mwezi wa saba napunguza maji mpaka chini ya ngazi ya pili tu, nachimba, naikata nondo, naziba. Amekubali, ila anataka kwanza nikate ule mjambula, na mimi jambula zenyewe nazipenda.